Mwaka Niliofundisha Panya Kulea

Mwaka mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mimi nilikuwa nafundisha panya kulea watoto wasio wao. Nasema nafundisha kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuwaeleza watu wa nyumbani. Kwa kweli panya walikuwa wakijifunza wenyewe, na kazi yangu ilikuwa kuketi kando ya kizimba na kuangalia.

Nilikuwa nimerudi chuoni nikiwa mtu mzima, baada ya kufundisha baiolojia shule za sekondari kwa muda mrefu. Maabara yetu ilikuwa katika jengo la zamani la mawe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Westlands, Nairobi. Dirishani niliona minara ya ofisi ikizidi kupanda, na mchana kutwa honi za magari yaliyokwama barabarani zilitufikia kwa mbali. Ndani kulikuwa na harufu ya maranda, chakula cha panya na dawa ya kusafishia sakafu. Panya wenyewe walikuwa weupe, wenye macho mekundu, wapole kuliko watu wanavyodhani. Ukimshika vizuri, kiganja chini ya tumbo, anatulia na kuanza kukunusa vidole.

Nilichokuwa nikichunguza ni vitu vidogo mno ambavyo ubongo hujitengenezea, vinavyoitwa peptidi. Ni vipande vifupi vya protini ambavyo seli za ubongo hutumiana, na pamoja na udogo wake hubadilisha kile mnyama anachoogopa, anachokumbuka na anachokitamani. Viko vingi, lakini mwaka ule nilishughulika na kimoja tu, oksitosini. Akina mama wengi wa Nairobi wameipata bila kujua jina lake, kwa maana ndiyo dawa inayotiwa kwenye dripu uchungu wa kuzaa ukichelewa. Mbali na kazi hiyo ya tumbo la uzazi, ubongo nao huitoa kwa matumizi yake.

Panya jike ambaye hajawahi kuzaa haoni lolote la kupendeza kwa kichanga. Humwogopa. Nilikuwa naweka vichanga wachache kwenye kona ya kizimba, wekundu, bila manyoya, macho yamefumba, naye jike ananyoosha shingo, ananusa mara moja, kisha anaruka nyuma kana kwamba ameungua. Wengine huwafukia kwa maranda, wakiyasukuma kwa pua mpaka kile kitu kisionekane tena. Hapo naingiza mkono na kumtoa kichanga kabla hajapata baridi.

Sasa, jike huyo akiandaliwa kwa homoni za kike, kisha apewe tone la oksitosini ndani ya ubongo, mara nyingi hubadilika upesi. Hofu inapungua, anawasogelea, anawabeba mmoja mmoja kwa mdomo hadi kwenye kiota, halafu anawalalia. Mwenzake aliyepewa maji ya chumvi tu badala ya dawa, ili tulinganishe, anaendelea kuruka nyuma. Ila ukimwacha huyu wa maji ya chumvi aishi na vichanga siku baada ya siku, naye hubadilika mwishowe. Anazoea harufu, anazoea sauti, na asubuhi moja unamkuta amewakusanya.

Profesa wangu, mzee mtaratibu aliyevaa sweta hata Januari, alipenda sana kundi hilo la maji ya chumvi.

"Dawa tunajua inafanya nini," alikuwa akiniambia. "Huyu ambaye hajapewa anajifunzaje? Hapo ndipo uangalie."

Basi niliangalia. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo shemeji yangu aliponipigia simu.

Shemeji alikuwa na duka la kupiga chapa River Road, orofa ya pili, juu ya duka la mabomba na misumari. Yeye na mdogo wangu walilianzisha pamoja. Walichapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa na programu za mazishi. Mdogo wangu ndiye aliyepanga maandishi kwenye kompyuta na kuzungumza na wateja, kwa sababu ana mdomo, na shemeji ndiye aliyeendesha mashine. Simu yake kwa kawaida ilikuwa na kelele za mashine nyuma. Siku hiyo kulikuwa kimya.

"Shemeji, sasa? Uko kazini?"

"Niko. Kuna nini?"

"Ukitoka unaweza kupitia kwetu? Si mambo mabaya. Mtoto yuko sawa. Ni mama yake. Sijui nikuambie aje. Wewe kuja tu umwone."

Niliwafunika panya wangu, nikaenda kwao Kangemi jua likiwa bado juu. Shemeji alinifungulia mlango akiwa na mtoto begani, msichana aliyekuwa bado hajamaliza mwezi. Mkono alioutandaza mgongoni mwa yule mtoto ulikuwa na wino kwenye kucha. Alinipisha, akanionyesha chumba cha kulala kwa kidevu.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, ameelekea dirishani. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo hakuwa akitazama chochote. Alikuwa amevaa vizuri, nywele amezifunga. Ndilo lililonishtua, kwamba kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Sasa," akasema.

"Poa. Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Akilala nalala. Kila mtu aliniambia akilala nilale."

Mtoto akaanza kulia huko sebuleni. Nilimtazama mdogo wangu. Hakugeuza hata shingo.

"Unamsikia?" nikauliza.

"Namsikia. Ni kama analia nyumba ya jirani." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza kuhusu mvua. "Namnyonyesha. Nambadilisha. Nafanya yote waliniambia nifanye. Lakini ile siku walinipatia, nilimwangalia nikasema, sawa. Ni kama umesimama stendi mtu akuambie, nishikie hii mzigo kidogo nakuja. Sasa nimeshika. Mwenyewe hajarudi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, na haukunishika.

"Nilidhani nitasikia kitu," akasema. "Watu wote husema utasikia kitu."

Jioni hiyo nilimpigia mama yetu Kakamega. Sikueleza mengi. Mama hakuuliza mengi. Kesho yake alishuka basi mjini akiwa na kuku wawili hai, unga wa wimbi, na kitenge kipya cha kumbebea mjukuu.

Kulikuwa na jambo moja la kupanga kwanza. Kwetu mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe, na mama yangu hakuwa mtu wa kuvunja heshima hiyo kwa sababu tu yuko Nairobi. Mimi nilikuwa nimepanga nyumba ndogo ya uani Lavington, vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi, nyuma ya nyumba kubwa ya bibi mmoja mjane kutoka Kiambu. Tukakubaliana kwamba mama, mdogo wangu na mtoto wakae kwangu mpaka mambo yatulie, na shemeji awe akija jioni akifunga duka. Nilienda kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Alikuwa akikata maua.

"Mtoto atakuwa analia, cucu," nikamwonya, nikimwita nyanya kwa Kikuyu chake.

"Wacha alie," akasema. "Hapa kumenyamaza sana tangu wangu waende ng'ambo."

Ndivyo tulivyoanza maisha mapya, wanawake watatu na mtoto. Mama alichukua jikoni siku hiyo hiyo. Alimpa mdogo wangu uji wa wimbi asubuhi na mchuzi wa kuku mchana. Alimkanda mgongo kwa maji ya moto. Hakumwambia hata mara moja afurahi. Mimi niliondoka asubuhi kwenda kwa panya wangu, nikapita kwenye zile kuta ndefu na mageti, walinzi wakinisalimia, na mchana nilirudi mapema kadiri nilivyoweza ili nimpokee mama mtoto.

Sasa, mimi ni mwalimu, na mwalimu akiona mtu ana shida hutaka kumweleza jambo. Jioni moja mama alipokuwa akichambua sukuma wiki, niliketi karibu na mdogo wangu nikaanza kumweleza habari za panya. Nilidhani itamfariji kujua kwamba kile watu wanachokiita mapenzi ya mama kina mahali pake kwenye ubongo, kina kemikali zake, na kwamba kuchelewa kwake si dhambi. Nilimweleza jinsi jike anavyoruka nyuma, na jinsi tone dogo linavyombadilisha.

Alisikiliza vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisikiliza kitu tangu nifike Kangemi.

"Hiyo kitu inaitwa aje?"

"Oksitosini."

"Si hiyo ndiyo waliniwekea kwa dripu?"

"Ndiyo hiyo."

"Nilikaa na hiyo dripu kutoka asubuhi," akasema. "Mbona haikufanya kazi?"

Nilimweleza kwamba ilifanya kazi kwenye tumbo, lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na dawa ile inapotiwa kwenye mshipa, ni kidogo sana inayopenya. Ubongo hutoa yake. Nilikuwa bado naeleza nilipoona uso wake.

"Kwa hivyo panya yako inachomwa sindano kwa kichwa, inapenda watoto hata si wake," akasema. "Mimi wangu mwenyewe, nimezaa mwenyewe, nashindwa."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umekuja kuniambia mimi ni mbaya kuliko panya."

Aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango polepole, na upole huo uliniuma kuliko kama angeubamiza. Mama hakuinua macho kutoka kwenye sukuma yake.

"Hizo panya zako," akaniambia, "ziache huko huko zinakolala."

Mdogo wangu hakunisemesha kesho yake, wala keshokutwa, isipokuwa kwa mambo ya chumvi na maji.

Ni mama aliyeivunja hiyo baridi. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, tumekaa kwenye nyasi za mwenye nyumba, mtoto amelala kwenye kitenge. Mama alikuwa akimsuka mdogo wangu, na mimi nilikuwa nakunywa chai karibu nao. Akaanza kusema bila kumwangalia yeyote.

"Huyu," akanionyesha kwa kitana, "nilipomzaa nilikuwa mdogo. Nyanya yenu aliniwekea mikononi. Nilimwangalia nikajiuliza, hii sura ya nani? Sikusikia kitu. Niliogopa hata kusema, kwa sababu wote walikuwa wanaimba."

Mdogo wangu alitulia chini ya mikono yake. Mimi niliweka kikombe chini.

"Ilikaa muda gani?" mdogo wangu akauliza.

"Sikumbuki. Ilikaa. Nilikuwa naenda naye shambani, namlaza chini ya kivuli cha mahindi, nalima. Akilia naenda. Akinyamaza narudi. Siku moja nikaona kabla hajalia nishaacha jembe." Akavuta nywele, akatenga mstari mpya. "Hakuna mtu alinichoma sindano."

Mdogo wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia. Mimi nilikuwa nimemtazama mama. Nimeishi na mama yangu miaka yote hiyo na sikuwahi kuambiwa. Nilitarajia litaniuma, lakini halikuuma. Nilimwona tu msichana mmoja peke yake kwenye mahindi, amechanganyikiwa, anafanya kinachopaswa kufanywa, na nikamhurumia.

Wiki hiyo mdogo wangu alikubali kwenda kliniki. Shemeji alifunga duka akaenda naye, nami nikawasindikiza. Aliyetupokea ni muuguzi mwanamke, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na haraka ingawa benchi nje lilikuwa limejaa. Alimuuliza maswali mengi.

"Umewahi kufikiria kujiumiza, au kuumiza mtoto?"

"Hapana," mdogo wangu akajibu. "Nimefikiria tu kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda tu. Nitoke kwa geti nitembee."

Shemeji aliangalia viatu vyake. Muuguzi aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameshasikia jibu hilo mara nyingi, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Alituambia kwamba hiyo ni huzuni inayowashika baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, ni ugonjwa, una matibabu, na mtu hupona bila mtoto kupata hasara. Daktari alimwandikia vidonge ambavyo angeweza kuvitumia huku akinyonyesha, na akapangiwa kurudi kila wiki kuongea. Tulipotoka, shemeji alimwambia mkewe, "Mimi nilidhani umenikasirikia." Mdogo wangu akasema, "Sikuwa na nguvu ya kukasirika." Wakatembea mbele yangu, mtoto akiwa kifuani pa baba yake, mpaka kwenye gari tuliloita.

Baada ya hapo sikuona badiliko la ghafla. Nililoliona lilikuwa kwangu mimi.

Kila alasiri nilimpokea mtoto kutoka kwa mama, nikamlaza kifuani nikitembea naye kwenye zile nyasi. Mwanzoni nilifanya hivyo kama zamu ya kazi. Nilishika kichwa chake kwa uangalifu uleule wa maabara. Kisha nikaanza kujua uzito wake. Nikaanza kujua kwamba analala upesi akigeuzwa upande wa kushoto, na kwamba kabla hajapiga chafya hukunja paji la uso. Siku moja, nimesimama Westlands kwenye kivuko nikisubiri magari yasimame, nilisikia mtoto akilia, na mwili wangu ukageuka kabla sijafikiri. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine, amebebwa na mama yake kando ya kioski. Nilisimama pale nikiona aibu kidogo, magari yamesimama, watu wanavuka, mimi sivuki.

Maabarani wakati huohuo, jike mmoja wa kundi la maji ya chumvi alikuwa ameacha kuruka nyuma. Bado hakuwa amewabeba vichanga. Alikuwa amehamisha tu mahali pake pa kulala, karibu nao zaidi. Nilimwita profesa aje aone.

"Mwache," akasema. "Usimharakishe."

Nyumbani nilianza kuona jambo jingine, nalo halikunifurahisha. Mtoto akiwa mikononi mwa mama yake alijinyonganyonga, akipewa mimi alinyamaza. Alasiri moja ilitokea mbele yetu sote. Mdogo wangu alimnyonyesha, akamweka begani, mtoto akalia mpaka akawa mwekundu. Nikanyoosha mikono bila kuombwa. Mtoto akanyamaza mara moja.

"Amekuzoea," mdogo wangu akasema, akaingia ndani.

Nilibaki nimesimama na mtoto. Nilipaswa kuhuzunika kwa ajili yake, na nilihuzunika, lakini chini ya huzuni hiyo kulikuwa na kitu chenye joto ambacho sikutaka kukiachilia. Mama aliniona. Mama huona.

Jioni hiyo, tukiosha vyombo, akaniambia, "Kesho usirudi mapema."

"Nani atakupokea mtoto?"

"Mimi naenda kumsaidia cucu kupalilia maharagwe yake. Tumeshaongea."

"Mama, na akilia?"

"Ana mama," akasema, akanipa sufuria nikaushe.

Kesho yake nilimaliza kazi mapema, kama kawaida, nikabaki sina pa kwenda. Nilitembea hadi kwenye mkahawa mmoja, nikaagiza chai na mandazi, nikakaa karibu na dirisha nikiangalia watu wa ofisini wakiwa na vitambulisho vyao shingoni. Sikumbuki nilisoma nini, ingawa nilikuwa na karatasi mbele yangu. Nilichukua simu mara nyingi nikairudisha mezani. Jua lilipoanza kulala nikaona sasa si mapema tena, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa bado kwenye maharagwe, ameinama, anaongea na mwenye nyumba juu ya viwavi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mapajani, blauzi yake imelowa upande mmoja, nywele zimefumuka. Kwa mara ya kwanza hakuonekana nadhifu. Macho yalikuwa mekundu. Nilikaa chini kando yake bila kunyoosha mkono. Haikuwa rahisi.

"Amelia," akasema. "Ai, amelia. Nimemwita mama, amekataa kusikia."

"Ukafanya nini?"

"Nimembeba. Nimemlaza, nimembeba tena. Nimemwimbia ile wimbo ya Sunday school, amekataa. Halafu nikaona anavuta mguu hivi." Akanionyesha, akakunja goti la mtoto kwa kidole kimoja. "Nikajua ni tumbo. Nikamlaza kwa mkono, kifudifudi, nikamsugua. Akatoa hewa kama mzee. Akanyamaza."

"Mimi sikujua hiyo ya mguu," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alimtazama mtoto kwa muda.

"Bado sisikii ile kitu watu husema," akasema. "Lakini nilijua analilia nini. Kabla sijafikiria, nilijua."

Sikusema lolote kuhusu panya. Nilikuwa nimejifunza.

Kuanzia hapo niliendelea kurudi nimechelewa. Vidonge vilifanya kazi yao taratibu, na mazungumzo ya kliniki yakafanya yao. Mdogo wangu akaanza kumwogesha mtoto yeye mwenyewe, kisha akaanza kumsema, jambo ambalo kwa mtu mwenye mdomo kama wake ni dalili nzuri. "Angalia huyu anajifanya boss," nilimsikia akimwambia mtoto asubuhi moja. "Kwani wewe ndiye unalipa rent?" Mama aliyesimama kwenye jiko alinitazama, akarudisha macho kwenye uji.

Siku ambayo yule jike wa maji ya chumvi alibeba kichanga wa kwanza kwa mdomo, nilikuwa peke yangu maabarani. Alimwinua kwa ngozi ya shingo, akamdondosha, akamwinua tena, akamvuta hadi kwenye kiota, akarudi kuchukua mwingine. Niliandika saa kwenye daftari. Nilipofika nyumbani mdogo wangu alinitazama usoni.

"Umeona nini?"

"Hakuna."

"Ni hizo panya. Sema."

Nikasema. Akauliza kama anaweza kuja kuwaona.

Alikuja wiki iliyofuata, mtoto akibaki na mama. Nilimpa koti jeupe na glavu, akacheka jinsi lilivyomzidi. Profesa alimsalimia kwa heshima na kutuachia nafasi. Tulisimama mbele ya kizimba cha yule jike. Alikuwa amelalia vichanga, mgongo ameukunja ili asiwabane. Nilihamisha kichanga mmoja hadi upande wa pili, na jike akainuka, akaenda, akamrudisha, akalala tena. Mdogo wangu alimtazama muda mrefu.

"Na huyu hamkumpatia kitu?"

"Maji ya chumvi tu. Amekaa nao. Na kuna jambo jingine. Akishajifunza, hasahau. Ukimwondolea watoto kisha ukamletea wengine baadaye sana, hatahitaji muda wote huo tena."

Akainama karibu zaidi.

"Mkimaliza, mtawafanya nini?"

Ningeweza kuzungusha maneno, lakini nilimwambia. Mwisho wa kazi tunawalaza kwa dawa wasisikie maumivu, wanakufa, na tunaangalia ubongo.

"Hata huyu?"

"Hata huyu."

Hakunilaumu. Aliweka kidole kilichovaa glavu kwenye waya wa kizimba, jike akakinusa, akarudi kwa vichanga wake. Tulipotoka nje kwenye jua, mdogo wangu alisema anataka kurudi nyumbani kwa mtoto, twende haraka, maziwa yamejaa.

Alirudi Kangemi wiki chache baadaye. Shemeji alikuja na gari la rafiki yake, tukapakia beseni, blanketi, na yule kuku aliyebaki, ambaye mama alikataa kabisa kumchinja kwa sababu alikuwa ameanza kutaga. Mama naye akarudi Kakamega, na nyumba yangu ndogo ikawa kubwa ghafla. Kwa siku nyingi alasiri ilipofika nilisimama kwenye nyasi bila kujua mikono yangu niiweke wapi. Nililia pia, mara moja, nikifua shuka iliyokuwa bado na harufu ya mafuta ya mtoto. Halafu kazi ikanichukua, nikaandika tasnifu yangu, na panya wangu, akiwemo yule, walikwisha kama nilivyomwambia mdogo wangu. Siku ya mwisho sikutaka mtu mwingine amshike. Nilimshika mimi.

Mwaka jana mdogo wangu alizaa tena, msichana mwingine. Safari hii alimwambia daktari mapema yaliyompata mara ya kwanza, na wakawa wanamfuatilia. Nilipoingia wodini alikuwa ameketi, mtoto kifuani, anakula mayai.

"Vipi?" nikauliza, nikimaanisha jambo moja tu, naye akaelewa.

"Naona iko, lakini imesimama kwa mlango," akasema, mdomo umejaa. "Itaingia. Sina haraka. Lete chumvi."

Iliingia kabla hajatoka hospitali.

Mama alikuja kuona mjukuu mpya na akakaa kwangu mpaka msimu wa kupanda ukamwita. Jumamosi aliyoondoka tulimsindikiza sote hadi stendi ya mabasi mjini. Mimi nilimbeba yule mchanga, shemeji alibeba mizigo, na msichana mkubwa, ambaye sasa yuko shule ya chekechea, alishika sketi ya nyanya yake na kukataa kabisa kuiachilia. Mama alipanda, akatupungia mkono dirishani, akatuagiza tusisahau kumfikishia salamu mwenye nyumba wangu. Msichana akaangua kilio katikati ya wachuuzi na wapiga debe. Mdogo wangu alikuwa tayari amechuchumaa mbele yake, amemfungulia mikono.

Basi lilipoondoka tulitembea pole pole kuelekea River Road, tukipinda huku na huku kuepuka mikokoteni. Shemeji alifungua duka, akawasha birika. Kulikuwa na kalenda za mwaka mpya zilizopangwa hadi dari, na tukanywa chai tumekalia mabunda ya karatasi, watoto wote wawili wamelala.